Chrome ya iPhone si Chrome: namna ya kupima tovuti kwenye vivinjari tofauti

Malalamiko huja hivi: "Kitufe cha kulipa hakionekani." Msanidi anafungua ukurasa uleule kwenye kompyuta yake, anakikuta kitufe palepale alipokiweka, anajibu: "Kwangu kinaonekana." Wote wawili wanasema kweli. Seva haitumi picha ya ukurasa. Inatuma maelezo yaliyoandikwa kwa HTML (maudhui), CSS (sura) na JavaScript (vitendo), na kivinjari ndicho kinachoyasoma na kuchora kile ambacho macho yanakiona. Maelezo ni yaleyale, lakini wachoraji ni wengi, na kila mchoraji ana mkono wake.

Kupima upatanifu ni kuwafuata wachoraji hao na kuona nani amekosea wapi. Wengi hushindwa kazi hii kwa kuanzia pasipofaa: wanaorodhesha majina ya vivinjari, wanafungua kimoja baada ya kingine, wanatazama ukurasa wa mwanzo, wanaweka alama ya vema. Majina hayo hayasemi mengi, na mara nyingine yanapotosha. Kinachopimwa hasa ni vitu vitatu: injini iliyomo ndani ya kivinjari, yaani sehemu inayosoma maelezo na kuchora ukurasa, toleo la injini hiyo, na kifaa kinachoibeba.

Injini ni tatu, majina ni mengi

Injini kuu zilizobaki leo ni Blink, WebKit na Gecko. Blink imo ndani ya Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi na Samsung Internet. WebKit ni ya Safari. Gecko ni ya Firefox. Kila moja ina mwenzake wa kuendesha JavaScript: V8 kwa Blink, JavaScriptCore kwa WebKit, SpiderMonkey kwa Gecko. Mbili kati yake ni ndugu: WebKit ilichipuka kutoka KHTML ya mradi wa KDE, na Blink ikajitenga na WebKit mwaka 2013. Ndiyo maana hadi leo utakuta Chrome inaelewa mitindo inayoanza na `-webkit-`. Microsoft iliacha injini yake na kuhamishia Edge kwenye Chromium, mradi huria ambao Chrome imejengwa juu yake, Januari 2020, kisha Internet Explorer 11 ikastaafishwa Juni 2022.

Kwa hiyo anayepima Chrome, Edge, Opera na Brave kwenye Windows amepima kitu kimoja mara nne. Si bure kabisa, maana Brave huzuia matangazo na vifuatiliaji, na Samsung Internet huwa nyuma ya Chrome kwa matoleo kadhaa. Lakini kwa upande wa mpangilio wa ukurasa, saa hiyo ingefaa zaidi kwenye Firefox au Safari.

Mtego mkubwa uko kwenye iPhone. Kwa miaka mingi Apple imedai kila kivinjari cha iOS kitumie WebKit, hata kama jina lake ni Chrome au Firefox. Tangu iOS 17.4 ya mwaka 2024, injini nyingine zimeruhusiwa ndani ya Umoja wa Ulaya kwa masharti, lakini mpimaji afanye kazi kwa dhana kwamba kila kivinjari cha iPhone ni Safari iliyovaa nguo nyingine. Mtumiaji akisema "natumia Chrome", swali la kwanza la kumuuliza ni: kwenye simu gani?

Toleo nalo lina sheria zake. Chrome na Firefox za kompyuta hujisasisha zenyewe kila wiki chache, kwa hiyo watumiaji wengi wako kwenye toleo la sasa au lililolitangulia. Safari ya iPhone hufungwa pamoja na iOS. Simu ikifika mwisho wa kupokea iOS mpya, injini yake hubaki hapohapo: iPhone 6 iliishia iOS 12, iPhone 7 ikaishia iOS 15. Simu hizo zinafanya kazi vizuri tu mikononi mwa watu, na huwezi kumwambia mwenye nayo "sasisha kivinjari". Kwenye Windows 7 na 8.1, Chrome iliishia toleo la 109 la Januari 2023.

Yanayoharibika, na kwa nini

Tuanze na tofauti inayoeleza nusu ya kasoro zote: CSS ni mvumilivu, JavaScript haina huruma. Kivinjari kikikuta tamko la CSS kisilolijua, huliruka na kuendelea na linalofuata. Ukurasa utakuwa na sura mbaya kidogo, lakini utakuwepo. JavaScript ni kinyume. Alama moja ya sintaksia isiyojulikana huiangusha faili nzima kabla hata mstari wa kwanza haujaendeshwa. Andika `mteja?.anwani` mahali popote kwenye faili yenye mistari elfu kumi, uifungue kwenye iPhone 6 yenye iOS 12, na hakuna kitufe hata kimoja kitakachojibu, hata vile visivyohusiana na mteja wala anwani. Alama hiyo ilianza kueleweka Safari 13.1, Chrome 80 na Firefox 74, zote za mwaka 2020.

Mfano mkali zaidi ni ruwaza za kutafuta maandishi zinazoangalia nyuma, zile zenye `(?<=`. Chrome ilizielewa miaka kadhaa kabla. Safari ilizipokea toleo la 16.4, Machi 2023. Ruwaza hiyo ikiandikwa moja kwa moja ndani ya faili, iPhone iliyobaki kwenye iOS 15 huikataa faili yote. Ikiundwa kwa `new RegExp` kutoka kwenye maandishi, kosa hutokea pale tu mstari ule unapoendeshwa, na unaweza kulidaka kwa `try`. Mara nyingi mstari huo hata si wako. Umo ndani ya maktaba uliyoipakua. Kwa hiyo pima faili ya mwisho inayofika kwa mtumiaji, usitegemee kusoma msimbo wako mwenyewe.

CSS pia ina pahali inapokosa uvumilivu. Ukiorodhesha viteuzi (majina ya vitu vinavyopewa mtindo) kadhaa kwa mkato na kimoja kisieleweke, kanuni nzima hutupwa. Ndiyo sababu mtindo wa kitelezi ulioandikwa kwa kuunganisha `::-webkit-slider-thumb` na `::-moz-range-thumb` haufanyi kazi kwenye Chrome wala Safari: hazikijui cha pili, kwa hiyo zinaitupa kanuni yote, ilhali Firefox za sasa huvumilia cha kwanza. Dawa ni kuziandika kanuni mbili kamili, moja kwa kila upande, hata kama maudhui yanajirudia.

Kuna kasoro zinazojificha hata mbele ya kipimo. `gap`, yaani nafasi kati ya vitu, kwenye mpangilio wa flex (vitu vikiwa mstari mmoja mmoja) ilifika Firefox 63, kisha Chrome 84, kisha Safari 14.1 mwaka 2021. Msanidi mwangalifu anaandika `@supports (gap: 1rem)`, swali la kumuuliza mchoraji kama anakijua kitu, ili Safari za zamani zipewe mtindo mbadala. Haisaidii. Safari hizo zilikuwa tayari zinaielewa `gap` kwenye grid (mpangilio wa safu na nguzo), kwa hiyo zinajibu "ndiyo, ninaijua" na bado vitu vinabanana kwenye flex. Ukihitaji kuzihudumia, tumia `margin`.

Kisa cha `100vh` kimechosha watu wengi. Kwenye simu, upau wa anwani huonekana na kujificha kadiri mtu anavyosogeza ukurasa. Safari ya iPhone na Chrome ya Android huhesabu `100vh` kana kwamba upau umejificha, yaani urefu mkubwa kuliko unaoonekana ukurasa unapofunguka. Kitufe kilichowekwa chini kabisa kinaangukia nje ya eneo linaloonekana, na hapo ndipo yalipo malalamiko ya kitufe cha kulipa. Mwaka 2022 vipimo vipya vilifika injini zote: `dvh` hufuata urefu wa sasa, `svh` hushika urefu mdogo, `lvh` urefu mkubwa. Andika mistari miwili, `height: 100vh` kisha chini yake `height: 100dvh`. Kivinjari cha zamani kitairuka ya pili na kubaki na ya kwanza. Hapa uvumilivu wa CSS unakufaa.

Upana una mtego wake. `100vw` huhesabu pamoja na nafasi ya upau wa kusogeza. Kwenye Mac yenye padi ya kugusa, upau huo huelea juu ya ukurasa bila kuchukua nafasi, kwa hiyo hakuna tatizo linaloonekana. Kwenye Windows mara nyingi unachukua takriban pikseli 15, na ukurasa unaanza kuyumba kushoto na kulia. Msanidi wa Mac akitaka kuliona tatizo, achomeke kipanya cha kawaida, au aende kwenye mipangilio achague upau uonekane daima. Katika hali nyingi `width: 100%` ingetosha tangu mwanzo.

Fomu ndizo zenye mavuno mengi ya kasoro, na ndizo hupimwa kijuujuu. Safari ya iPhone hukuza ukurasa mtu anapogusa sehemu ya kuandikia yenye herufi ndogo kuliko pikseli 16. Weka 16 au zaidi na tatizo linaisha. Sehemu ya `type="month"` huonyesha kalenda ya miezi kwenye Chrome, lakini Firefox na Safari za kompyuta huionyesha kama kisanduku tupu cha maandishi, na mtu anaweza kuandika chochote. Seva isiyokagua inapokea takataka. Orodha mbili za kuchagua, moja ya mwezi na moja ya mwaka, hazina mvuto lakini zinafanya kazi kila mahali. Kibodi ya iPhone inapofunguka haipunguzi eneo la ukurasa. Kitu kilichogandishwa chini kwa `position: fixed` kinaweza kubaki nyuma ya kibodi.

Tarehe zinastahili kutazamwa polepole. `new Date("2024-03-05")` husomwa kwa saa za UTC (saa za kimataifa); ukiongeza `T00:00` bila eneo la saa, husomwa kwa saa za kifaa. Hiyo ni kanuni, na injini zote za sasa zinaifuata, ila inashangaza watu kiasi cha kudhaniwa ni kasoro ya kivinjari. Kasoro halisi ilikuwa `"2024-03-05 08:30"`, yenye nafasi badala ya herufi T. Kiwango cha JavaScript hakiitambui, Chrome iliisoma, Safari za zamani zikajibu "tarehe batili". Seva nyingi hutoa tarehe kwa sura hiyohiyo kutoka kwenye hifadhidata. Ibadilishe kabla haijafika kwa kivinjari.

Kupanga orodha nako kuna ajabu yake. Kazi ya kulinganisha inayorudisha kweli au uongo, kama `a > b`, badala ya namba hasi, sifuri au chanya, hupanga sawasawa kwenye Firefox. Kwenye Chrome ya sasa orodha hubaki kama ilivyokuwa. Kosa ni la msimbo, si la Chrome, ila aliyepima Firefox peke yake hatalijua.

Hifadhi ndani ya kivinjari haifanani. Safari hufuta data iliyoandikwa na JavaScript, kama `localStorage`, baada ya siku saba za matumizi ya kivinjari bila mtu kuigusa tovuti hiyo, na tangu 2020 huzuia vidakuzi vya tovuti za nje. Fomu ya kuingia au ya malipo iliyopachikwa kwenye fremu kutoka tovuti nyingine inaweza kufanya kazi Chrome na kumrudisha mtu mwanzo kila mara kwenye Safari, bila ujumbe wowote wa kosa. Rasimu ya maombi marefu iliyohifadhiwa kwenye simu tu, bila kupelekwa seva, siku ya nane inaweza isikutwe.

Video za kuanza zenyewe: zipe `muted` na `playsinline`, na ujue kwamba iPhone ikiwa katika hali ya kuokoa betri hazitaanza hata hivyo.

Kuchagua cha kupima

Huwezi kupima kila kitu. Anza na kumbukumbu za seva za miezi mitatu iliyopita, utazame kivinjari, toleo na mfumo endeshi. Takwimu za zana za uchambuzi zinazotegemea JavaScript zinasaidia, ila zina upofu mmoja mbaya: ukurasa ambao JavaScript yake imekufa hauripoti kitu. Anayekwama hahesabiwi, na kutohesabiwa kwake kunatumika kama ushahidi kwamba watu wa aina yake hawapo. Kumbukumbu za seva humwona kila aliyeomba ukurasa, hata aliyeondoka baada ya sekunde mbili.

Soma utambulisho wa kivinjari kwa tahadhari. Karibu kila kivinjari hujiita Mozilla/5.0, na Chrome hujitaja pia kuwa Safari. Hayo ni mabaki ya miaka ambayo tovuti zilifungia mlango vivinjari visivyo na jina fulani. Tangu iPadOS 13, Safari ya iPad hujitambulisha kama ya Mac. Mwaka 2022 Chrome na Firefox zilipofika toleo la 100, palikuwa na hofu ya haki kuhusu tovuti zinazosoma tarakimu mbili za mwanzo, ambazo zingeona toleo la 10. Kwa kutengeneza ripoti, utambulisho huu unatosha. Kwa kuamua msimbo gani uendeshwe, usiutumie.

Kwa tovuti ya kawaida, michanganyiko sita hadi minane inafunika sehemu kubwa: Chrome ya sasa kwenye Windows, Firefox ya sasa kwenye Windows, na toleo lake la ESR (lile linalobadilika polepole) kama kuna watumiaji wa maofisini, Safari ya sasa kwenye Mac, iPhone yenye iOS ya sasa, iPhone iliyobaki nyuma kwa matoleo mawili au matatu, Chrome kwenye simu ya Android ya bei ya chini, Samsung Internet. Edge ipitie haraka. Simu dhaifu isiachwe kwa kuwa "ni Chrome tu". Injini ni ileile, lakini kumbukumbu ya gigabaiti 2 hufanya ukurasa mzito ujifungue upya mtu anapotoka kupiga picha ya kitambulisho na kurudi, na fomu yote imefutika.

Wawili husahaulika. Wa kwanza ni kivinjari kilichofichwa ndani ya programu nyingine, kile kinachofunguka mtu anapobofya kiungo ndani ya mtandao wa kijamii. Kwenye Android huwa ni WebView (kivinjari kinachopachikwa ndani ya programu), kwenye iPhone ni WebKit, na mara nyingi upakuaji wa faili, madirisha mapya na vidakuzi vya kuingia havifuati ulivyozoea. Tuma kiungo chako kwa ujumbe, kifungue kutoka humo, ujaribu kuingia na kupakua risiti. Wa pili ni Opera Mini katika hali yake ya kubana sana. Hapo ukurasa hujengwa kwenye seva ya Opera, JavaScript huendeshwa huko kwa muda mfupi tu, na simu hupokea matokeo yaliyobanwa. Kilichotegemea saa inayojirudia au kuburuta kwa kidole hakitafanya kazi, na hakuna haja ya kukilazimisha. Hakikisha viungo ni viungo kweli na fomu inatumika bila JavaScript.

Kupima kwenyewe

Kabla ya yote, fungua konsoli (dirisha la ujumbe na amri katika zana za wasanidi) uandike `document.compatMode`. Jibu likiwa `CSS1Compat`, endelea. Likiwa `BackCompat`, kivinjari kimeingia katika hali ya kuiga tabia za miaka ya tisini, kwa kawaida kwa sababu `<!DOCTYPE html>` haipo au kuna kitu kilichotangulia mbele yake. Rekebisha hilo kwanza, maana kupima vipimo vya upana na urefu katika hali hiyo ni kupoteza muda.

Andaa wasifu safi wa kivinjari, usio na viendelezi, vidakuzi wala akiba ya zamani. Hali fiche si mbadala kamili, maana hubadilisha tabia ya hifadhi na vidakuzi. Ipime peke yake kama jambo la ziada. Kisha andika njia tano au sita ambazo tovuti haina maana bila hizo: kujisajili, kuingia, kutafuta, kujaza fomu ndefu, kulipa, kupakua. Pitia njia nzima hadi mwisho katika kila mchanganyiko. Ukurasa wa mwanzo ndio uliotazamwa na watu wengi zaidi wakati wa kutengeneza. Kasoro zinakaa hatua ya tatu ya fomu, kwenye ujumbe wa kosa, kwenye jina lenye herufi 40.

Kigezo kiwe kazi, si kufanana. Kivuli chenye ukungu kikikosekana kwenye simu ya miaka minane, si kasoro. Mstari ukivunjika neno moja mapema kwa sababu Windows na Mac huchora herufi tofauti, si kasoro. Mtu akishindwa kufika mwisho wa njia, hiyo ni kasoro, na anayesimamia mradi akubali mgawanyo huu kwa maandishi kabla ya kupima, kwani bila hivyo siku zitaishia kwenye kubishania pikseli mbili.

Hali ya simu iliyomo ndani ya zana za wasanidi za Chrome hutumika vibaya sana. Inabadilisha ukubwa wa eneo, inaiga mguso na kutuma utambulisho wa simu uliyoichagua. Injini inabaki Blink ya kompyuta yako. Ukichagua iPhone kwenye orodha ile, hujapima Safari hata kidogo. Hakuna upau wa anwani unaojificha wala kibodi inayofunguka. Inafaa kwa kutazama mpangilio kwa upana tofauti, basi.

Kwa Android, nenda kwenye maelezo ya simu, gusa namba ya muundo mara saba ili menyu ya wasanidi ifunguke, washa utatuzi kwa USB, chomeka waya, kisha fungua `chrome://inspect` kwenye kompyuta. Utaiona konsoli ya simu kama ya kompyuta. Kwa iPhone, washa kikaguzi cha wavuti katika mipangilio ya kina ya Safari, uiunganishe na Mac, na utaikuta simu kwenye menyu ya wasanidi ya Safari. Asiye na Mac lakini ana Linux anaweza kusogea karibu kwa kutumia GNOME Web, inayoendeshwa na WebKitGTK. Mpangilio na sintaksia utazipima. Kibodi, mguso, video na hifadhi za iPhone hutazipima. Huduma za kukodi vifaa kwa mbali, kama BrowserStack na Sauce Labs, huziba pengo hilo, ila hakikisha unapewa simu halisi, si kiigizaji.

Kuna kikwazo kinachopoteza saa nyingi. Ukifungua tovuti iliyo kwenye kompyuta yako kutoka simu kwa anwani kama `http://192.168.1.20:3000`, kamera, mahali ulipo na service worker (msimbo unaoendeshwa nyuma ya ukurasa) havitafanya kazi. Vivinjari huviruhusu kwenye HTTPS au `localhost` tu, na anwani hiyo si mojawapo. Usianze kutafuta kasoro. Tumia uelekezaji wa porti uliomo ndani ya `chrome://inspect`, ili simu nayo iione kama `localhost`, au weka cheti.

Mashine ipime nini

Njia zile tano au sita zikishatulia, zikabidhi kwa programu ili zirudiwe kila msimbo unapobadilika. Selenium ndiyo ya siku nyingi, na itifaki yake ya WebDriver ikawa kiwango cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2018. Huendesha Safari halisi, ambayo unaiwezesha mara moja tu kwa amri `safaridriver --enable`, na ambayo hukubali kikao kimoja tu kwa wakati. Playwright ya Microsoft, iliyotoka 2020, ni ya haraka zaidi na huja na Chromium, Firefox na WebKit zake zenyewe, hata kwenye Linux na Windows. Hiyo WebKit si Safari. Itakamata makosa mengi ya sintaksia na mpangilio, lakini kupita kwake kusiandikwe kwenye ripoti kama "Safari imepimwa".

Ulinganishaji wa picha za skrini una kanuni moja isiyovunjwa: linganisha kivinjari na picha ya jana ya kivinjari hichohicho, kwenye mfumo endeshi uleule. Ukilinganisha Chrome na Firefox, kila herufi itakuwa tofauti, na baada ya wiki moja ya kengele za uongo hakuna atakayezisoma. Zima miondoko na subiri fonti zipakiwe kabla ya kupiga picha.

Kasoro ikishapatikana

Soma konsoli ya kifaa kile, hasa kosa la kwanza kabisa. Yanayofuata mara nyingi ni watoto wake. Kama hakuna kosa, nakili ukurasa na ufute nusu yake. Tatizo likibaki, futa nusu ya kilichobaki. Likitoweka, rudisha na ufute nusu nyingine. Baada ya raundi kumi hivi utakuwa na mistari 20. Katika hatua hii, mara nyingi hugundulika kwamba msimbo ndio uliokosea na vivinjari vingine viliusamehe tu.

Kisha tambua aina ya pengo. Sintaksia isiyojulikana haiwezi kujazwa kwenye kivinjari. Lazima itafsiriwe kuwa ya zamani kabla ya kuchapishwa, kwa Babel au zana kama hiyo. Kitendo kisichokuwepo, kama `requestIdleCallback` ambacho Safari imekikosa kwa miaka, kinaweza kujazwa kwa kipande cha msimbo kinachokiiga, au kuulizwa kwanza kwa `if ('requestIdleCallback' in window)`. Wanaochanganya mawili haya huongeza vipande vya kujazia na kushangaa faili bado haifunguki. Zana hizi nyingi husoma orodha ya Browserslist, yaani orodha ya vivinjari vinavyolengwa, ndani ya mradi, kwa hiyo orodha ile uliyoitoa kwenye kumbukumbu za seva iandikwe hapo. Isipoandikwa, mradi utatafsiriwa kwa ajili ya watumiaji wa kudhaniwa.

Kabla ya kutumia kipengele kipya, tazama tovuti ya Can I Use au jedwali la MDN (kumbukumbu za wasanidi za Mozilla), pamoja na maelezo madogo ya chini, kwa sababu "kinatumika" mara nyingi kina "isipokuwa". Alama ya Baseline, iliyoanza 2023, husaidia kuamua haraka: kipengele hutangazwa kipya kikishafika Chrome, Edge, Firefox na Safari zote, na huhesabiwa kuenea baada ya miezi 30. Miezi 30 haimfikii mwenye iPhone 7.

Kwa vivinjari ulivyoamua kutovihudumia kikamilifu, kuna njia ya heshima: toa HTML na CSS zinazotosha kusoma na kutuma fomu, na weka JavaScript yote ndani ya `<script type="module">`, ambayo vivinjari vya kabla ya 2017 huiruka kimya. Usiitegemee kama ukuta, hata hivyo. Safari ya iOS 12 huelewa `module` na haielewi `?.`, kwa hiyo itaipokea faili, iikatae, na kumwachia mtu vitufe vilivyokufa. Faili za `module` nazo zinahitaji kutafsiriwa hadi kiwango cha kifaa cha zamani zaidi kinachoweza kuzipokea, kisha zifunguliwe kwenye kifaa hicho.